Kati ya Na na Au

Mjomba alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji cha serikali kwa miaka thelathini na mmoja. Kila sheria ilipita mezani kwake kabla ya kuchapwa. Hakuwa mwanasheria. Alikuwa na rula ya chuma ya kufuatia mistari, kalamu nyekundu, na kiburi. Akija kwetu kula, alisahihisha hata maandishi ya mfuko wa unga. Mama, dada yake mkubwa, alimwambia, "Kula kwanza. Unga wenyewe hauna makosa."

Kazi ile ilikuwa na mwiko mmoja: msahihishaji hagusi maana. Akitilia shaka jambo, anaandika swali pembeni, jalada linarudi ghorofa ya tatu kwa waandishi wa sheria, na wao ndio wanaoamua.

Nchi ilipoingia kwenye shirika la biashara la kimataifa, ghorofa ya tatu ilichanganyikiwa. Masharti ya uanachama yalitaka sheria kadhaa zibadilishwe kabla ya mwaka kwisha, na zilizokaa miaka hamsini bila kuguswa zikaandikwa upya kwa wiki moja. Sisemi zote zilikuwa mbaya. Ile ya forodha ilimlazimisha ofisa akuandikie sababu akizuia mzigo wako, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Mjomba alikwama kwenye sheria ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasiige alichobuni. Kifungu kimoja kilisema waziri anaweza kuruhusu nakala nafuu ya dawa iingizwe nchini ikiwa kuna dharura ya afya na mwenye hataza amekataa kutoa kibali. Lakini makubaliano yenyewe, yaliyoambatishwa nyuma ya jalada, yalisema moja kati ya hayo mawili linatosha. Akaandika pembeni: "Ni na au au?"

Jalada likarudi. Mtu alikuwa ameandika kwa penseli, "Mzee ana kigugumizi?" na chini yake, "Endelea."

Mjomba alikasirika, kisha akaona haya. Angeweza kupanda ngazi akawaonyeshe kwa kidole. Akafyata, akagonga muhuri.

Miaka miwili baadaye Mama aliugua ini. Dawa yenyewe ilikuwa ghali kupita uwezo wetu, na nakala yake nafuu ilitengenezwa nchi jirani. Mwenye hataza alikuwa amekataa kutoa kibali, hilo lilijulikana. Lakini wagonjwa wa aina yake walikuwa wachache mno kuitwa dharura. Mfamasia wa hospitali, mtu mpole, alitusomea kifungu kwenye kompyuta yake. Mjomba alikuwa kando yangu, akikisema taratibu pamoja naye, kwa kichwa. Alipofika kwenye ile "na", akanyamaza.

Jioni alimweleza Mama. Mimi nilikuwa namkanda miguu, ilikuwa imevimba.

"Uliliona?" Mama akauliza.

"Nililiona, dada."

"Ukawauliza?"

"Mara moja. Wakanicheka."

"Mimi uliwahi kunibishia siku nzima kwa ajili ya koma," Mama akasema.

Nilimchukia Mjomba siku ile, na sina hakika kama nimeacha. Kesho yake alipanda zile ngazi, na hakuna aliyemcheka. Walikubali palepale kwamba neno lilikosewa. Lakini sheria haibadilishwi kwa kalamu nyekundu. Ilibidi muswada uandikwe, upangiwe kikao, usomwe, upigiwe kura, na mbele yake kulikuwa na miswada mingine.

Marekebisho yalipita baada ya miezi kumi na mmoja. Yalikuwa mstari mmoja: futa neno "na", weka neno "au". Mama tulikuwa tumeshamzika. Karatasi ililetwa mezani kwa Mjomba aisahihishe kabla ya kuchapwa. Nilimuuliza kazi hiyo ilimchukua muda gani.

"Dakika moja," akasema.