Kapiteni Thaddée na Tanga la Turubai

Thaddée Kabwika hakupendwa na mtu kwenye boti, na yeye hakumpenda mtu. Kazi aliianzia kwenye mashua ya tanga ya misioni, kisha akaingia kwenye boti ya mashini iliyobeba pamba na chumvi toka Kalundu, bandari ya Uvira. Miaka kumi na minne alisugua sakafu na kufunga kamba, na kapiteni Mbelgiji hakumwachia usukani hata siku moja. Mwaka 1960, uhuru ulipofika, Mbelgiji akavuka ziwa kwenda Usumbura, asirudi. Kampuni ikampa Thaddée kofia na karatasi ya ukapiteni.

Firmin, fundi wa mashini, alikuwa na cheti cha shule, na kofia ile aliiona yake. Tangu siku hiyo hakumsemesha kapiteni. Akiwa na neno, alimwita mpishi: "Umwambie ule muzee wa matanga, mashini iko moto." Thaddée naye alijibu kwa mpishi huyohuyo. Wakaishi hivyo miaka minne.

Mei 1964 waasi wakaingia Uvira. Wakaichukua boti, wakaitembeza mpaka mazutu, mafuta ya mashini, ikaisha. Asubuhi moja mkuu wao, Damien, akaja gatini na askari wanne, akamkamata Firmin shati.

"Mashini inakataa juu ya nini?"

"Mazutu iko hapana, chef."

"Uongo! Weye umeiharibu juu ya kusaidia serikali. Mumupeleke kule kwa mawe."

Waliopelekwa kwenye mawe yale hawakurudi. Baadaye Thaddée alimwambia mkewe, Bernardine, kwamba alikuwa amekusudia kunyamaza. Alimtazama Firmin akikokotwa, moyo wake baridi kabisa. Kisha akajisikia anasema:

"Chef, hasemi uongo. Na minye nitaitembeza hii boti bila mashini."

Damien akacheka. "Ikikataa, mutaenda wote wawili."

Wakasimamisha mlingoti wa shina la mkaratusi. Firmin alishona turubai la ghala la pamba liwe tanga, macho chini, asante hakuna. Boti ya chuma ilikwenda kama ng'ombe mwenye mimba, lakini ilikwenda. Kushuka Baraka na majeruhi kulikuwa kubishana na upepo siku mbili nzima. Kurudi na risasi na mihogo, mchana mmoja. Waasi walimtukana Thaddée kwa kuchelewa. Sokoni, wanawake ambao waume zao waliuawa na waasi walimtemea Bernardine mate.

Oktoba jeshi la serikali likarudi. Ofisa akawapanga watu wa bandari, akauliza nani aliwaendeshea waasi boti. Hakuuliza mara ya pili.

"Ni huyu," Firmin alisema.

Thaddée alipigwa viboko mbele ya wenzake, akafungwa, akalala buloko mwaka mzima. Alipotoka, kofia ilikuwa kichwani mwa Firmin. Hakwenda kuidai. Akakaa mtaa wa Songo, akiziba nyufa za mitumbwi ya wavuvi, na jina la Firmin halikutajwa nyumbani mwake.

Krismasi moja Firmin akabisha hodi. Bernardine akampokea kapu la mikeke, samaki wa ziwani, akaliweka jikoni, akamwita mumewe.

"Muzee," Firmin akasema, "siku ile ya ofisa nilikuwa na watoto watano."

"Na minye nilikuwa nao. Bernardine, umurudishie kapu yake."

Firmin akalipokea, akaondoka bila kuaga. Kapu lilikuwa jepesi kidogo: Bernardine alikwisha kutoa mikeke sita. Jioni aliiweka mezani. Thaddée akaitazama sana, kisha akaomba pilipili.