Mulongo ya Treni ku Butembo

Nianze na ile ya haya, mucheke mumalize, kisha munisikilize vizuri. Mimi, mwanaume wa ndevu, baba ya mutoto, asubuhi moya batu ya parking ya magari ya kwenda Beni, pale Butembo, balinikuta niko napanga mulongo peke yangu. Peke yangu! Valizi ku kichwa, nasogea pole-pole, nasema: "Pardon papa, usinisukume." Nyuma yangu kulikuwa mbuzi. Mbele yangu, hakuna mutu. Na unajua nilikuwa nangojea nini? Treni.

Butembo haiyaonaka treni. Hata kipande ya chuma yake, hapana. Mimi niliachia masomo katikati ya secondaire, mais hiyo najua.

Kama nadanganya, mvua inipige toka hapa mpaka Lubero.

Ilikuwa wakati ya vita. Kazi yangu ilikuwa kuita basafiri na kupakiza mizigo ku camion za Beni. Bibi yangu, Kavugho, alikuwa amekwenda kule Beni, commune ya Ruwenzori, kuonesha mama yake mutoto wetu wa kwanza, Masika. "Siku kidogo tu," alisema. Njo balabala ikafungwa. Camion hazishuke, hazipande. Habari, hakuna. Kila asubuhi nilikuwa nakuja ku parking na valizi yangu, labda gari moya itajaribu. Bashofere banacheka: "Angalia, mwenye kuita basafiri amekuwa musafiri!" Na mimi nacheka nabo. Kisha narudi mu nyumba, napika bugali, inabaki. Kupika ya mutu moya sikujuaka.

Ile siku nilifika mbele jua itoke. Ukungu ya Butembo unaijua? Inaficha mukono yako mwenyewe. Nikasikia kengele. Nikaona taa, nyumba murefu ya matofali, saa kubwa ku ukuta, na muzee mumoja wa kofia ya kazi, vifungo vinang'aa.

"Karibu ku gare, kituo ya treni," anasema.

"Gare gani, muzee? Hapa ni parking."

"Parking ni yenu. Gare ni yetu."

Akaanza kunielezea bila kuulizwa, kama mutu hajaongea na mutu miaka mingi. Ati bazungu balipimaka fasi ya rail, balipandaka miti ya alama, kisha bakaenda zao. "Bale balienda. Sisi tuliendelea." Akanionesha salle ya kungojea, dirisha ya tiketi, fasi ya kuacha mizigo, hata mayi ya moto ya bamama benye batoto. Vraiment, safi kuliko bureau yote niliingiaka. Mais ile batu ku mabenchi! Bengi, na kila mutu peke yake. Hakuna mwenye kuongea, hakuna mwenye kutafuna kitu. Ku Butembo batu bangojee gari bila kulalamika juu ya bei ya maharagi? Hapo njo ningekimbia.

Nikauliza: "Inafika Beni?"

"Inafika."

Wewe ungefanya nini? Nikapanga mulongo.

Muzee akaanza kuita majina. Mutu anaitwa, anaingia mu ukungu, na mule ndani munanguruma kama mapipa yenye kubingirika. "Kambale!" Anapita. "Katembo!" Anapita. "Kavugho!"

Kama hauko Munande, nikuelezee. Kwetu jina inafuata ginsi ulizaliwa, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukiita Kavugho mu soko, nusu ya banamuke banageuka. Donc sikushituka. Nyuma yangu kulikuwa mama mumoja, kikwembe imefunika kichwa juu ya baridi, mutoto ku mugongo. Nikasogeza miguu. "Pita, mama. Mwenye mutoto hapana simama." Sikumuangalia sura. Nilikuwa naangalia mulongo, nisipoteze fasi yangu. Akapita. Akanigusa mukono kidogo, kama kusema aksanti. Vidole baridi, baridi.

Nikafika ku muzee. "Na mimi?"

"Wewe ni mutu ya parking. Jina yako haiko."

"Muzee, mimi naita batu hapa kila siku, leo mimi njo nakosa mwenye kuniita?"

Kengele ikalia. Ukungu ikafunguka. Nikaona mbuzi.

Balabala ilipofunguka, nilipanda camion ya kwanza. Kule Ruwenzori nilikuta mama-mukwe peke yake. Akanishika mikono yote mbili. "Hamukukutana? Alichoka kungojea. Alibeba mutoto, akafuata njia ya mashamba, kwa miguu. Alikuwa anakuja kwako."

Mpaka leo habajafika.

Niko bado ku parking, naita batu. Kila Kavugho mwenye kupanda namuangalia usoni, mpaka bwana yake anataka kunipiga. Na wewe mwenye kunisikia: siku utapisha mutu mu ukungu, muangalie sura kwanza. Fasi yako itangoja.

Muhindo, mwenye kuziba pneu za magari pale parking, njo mutu moya hakunicheka. Nilimuelezea yote. Akageuza-geuza pneu mu karai ya mayi.

"Papa Masika," akasema, "ile treni ilikuwa ya kwenda Beni. Bibi yako alikuwa anatoka Beni. Angepanga mulongo ya kurudi juu ya nini?"

"Labda alichoka kutembea."

Akatoa pneu mu mayi.

"Bon. Na kama ilikuwa yeye, ulimupisha. Hakusimama na mutoto."