Begi la Cape Town

Mume wangu alikuwa dereva wa gari la kulainisha barafu. Najua inavyosikika. Sisi ni watu wa Tanga, na barafu tuliyoijua ni ile ya ukwaju inayouzwa kwenye vifuko vya nailoni. Lakini Johannesburg kulikuwa na ukumbi wenye uwanja wa barafu, na timu ya hoki ya kulipwa: wanaume wazima waliovaa viatu vya visu, wakigombania kidude cheusi kwa magongo. Wakishaikwaruza barafu, mume wangu anaingia na gari lake taratibu, anazunguka mpaka inang'aa, anatoka. Timu ilikuwa inafungwa sana, kwa hiyo makofi mengi alipigiwa yeye.

Mwaka 2017 zikaanza habari kwamba timu inahamia Cape Town. Mume wangu aliniletea habari hizo huku anavua viatu.

"Wanasema tunahama."

"Nani anahama?"

"Timu. Mwenye timu anataka na mimi niende."

Hakusema kama na mimi nimo. Basi sikuuliza. Nina hasira za karibu, na kiburi changu kiko karibu zaidi. Niliogopa kuachwa mtaani kwetu Rosettenville peke yangu na cherehani, tena niliogopa sana, na badala ya kumwambia hivyo nikamfungia begi.

Kwetu mke ndiye anayemfungia begi mume anayesafiri, na mume haligusi mpaka siku ya kuondoka. Mwanamume akionekana anajikunjia mashati mwenyewe, mtaa mzima unajua humo ndani hamkaliki. Nikalifunga vizuri, soksi mbili mbili, nikaliweka nyuma ya mlango alione. Timu ikasema mwezi ujao. Ukaja, ikasema ule mwingine. Kila asubuhi nachomoa shati la juu nampa, jioni nafua, napiga pasi, narudisha. Tuliishi hivyo miezi minne, kama watu wenye akili zao.

Katika mwezi huo wa nne wa kungoja, mkasi wangu ukapotea. Ulikuwa mkasi wa chuma niliotoka nao Tanga, na hakuna mtu niliyemruhusu kuushika. Duka nililoshonea, pale karibu na robot, yaani taa za barabarani, nilichangia na mama mmoja wa Bukavu, Kongo, msusi. Nikamtazama yeye, maana hakukuwa na mwingine wa kumtazama.

"Mama, mie si mwizi, kweli, vraiment," akasema. "Mungu anaona."

"Anaona. Na mimi nina macho."

Tukanuniana wiki tatu, magoti yakikaribia kugusana. Nikanunua mkasi mwingine mjini, ukawa unatafuna kitambaa. Wiki ileile mkasi ulipopotea, kanga yangu ya maua nayo ilitoweka kwenye kamba, nikawasingizia wapangaji wa juu.

Jumamosi moja mume wangu akarudi mapema. Mwenye timu alikuwa amewakusanya wote kandokando ya barafu na kuwaambia kwamba wenye ukumbi wa Cape Town wameghairi.

"Hatuendi," akasema.

"Haya."

Sikutaka aone ninavyofurahi, kwa hiyo nikalivuta begi nikaanza kulifungua. Nikatoa mashati, nikatoa suruali, nikatoa soksi mbili mbili. Chini kabisa nikagusa kitu kizito. Ilikuwa kanga yangu ya maua, na ndani ya kanga, mkasi.

"Wewe! Umeligusa begi?"

Akakaa kitandani. "Eish. Nimeligusa."

"Mkasi wangu unakwenda Cape Town kufanya nini?"



"Ulinifungia begi siku ileile, hata chai hujanipa. Nikajua mimi hutanifuata," akasema. "Lakini mkasi, nikaona, utaufuata tu."

Nilitaka kumjibu kitu cha kumchoma, na ninavyo vingi. Badala yake nililia palepale sakafuni, nimekumbatia soksi. Yeye akaniuliza kama nitalia kwanza au apike chai. Nikamwambia apike.

Nilipokunywa nikajitanda ile kanga, nikaenda dukani kumwomba radhi yule mama. Nilimkuta anasuka. Nikamwonyesha mkasi, nikamweleza ulikokuwa, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya mteja wake.

Akaniangalia bila kuacha kusuka.

"Na ile timu ingehama," akauliza, "wewe ungeenda?"

"Ningeenda."

"Umemwambia?"

Nikarudi nyumbani kumwambia.