Siku Nilipojifungia Ndani ya Part Two

Hii habari siwezi kuisimulia nikimwangalia mtu machoni, kwa hivyo nyinyi angalieni chai yenu na mimi niongee. Mmekuwa mkiniuliza kwa nini watu wa Ruiru wa rika langu wakikutana na mimi hunyoosha mkono, wakauliza "Wi mwega?", yaani u mzima kwa Kikuyu, kwa sauti ya bibi kizee, halafu wakacheka mpaka wakashika ukuta. Sababu ni kwamba nilijifungia ndani ya bati mbele ya mtaa mzima, mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, na hakuna mtu aliyenilazimisha.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile miaka ya kwenda video kila Jumamosi, na mimi nilikuwa nimeona pikcha nyingi sana za mashine zinazotoka angani kuja kutumaliza hadi nikajifanya profesa. Hasa nilikuwa mtaalamu wa part two. Pale kwa kinyozi nilikuwa nawaeleza watu (bila kuulizwa) kwamba part two nzuri si mchezo, lazima kila kitu cha part one kiongezwe mara mbili, adui aliyekufa lazima arudi akiwa mkubwa kuliko alivyokufa, staringi lazima apigwe karibu akate roho ndio watu wamwonee huruma, lazima kuwe na moshi, na juu ya yote hakuna kuchekesha. Pikcha ikichekesha, nilikuwa nasema huku nimepakwa povu nusu ya uso, hiyo si action, hiyo ni harusi.

Sasa Krismasi moja kikundi chetu cha vijana kiliigiza mchezo wetu wenyewe katika ukumbi wa mtaa. Rafiki yangu Hassan alikuwa staringi kwa sababu ya mabega yake, Wairimu alikuwa mwanasayansi aliyeunda mashine ikamgeuka, na mimi nilikuwa mashine yenyewe, Kamanda Bati, ingawa bati lilikuwa la jina tu kwa sababu mwili wangu ulikuwa katoni za sabuni zilizopakwa rangi ya fedha. Mwishoni Hassan alinimwagia beseni la maji ili nife. Katoni zikalowa, ubavu ukapasuka, na mkono wangu ukachomoka ukabaki unaning'inia mbele ya benchi la kwanza, alipokuwa ameketi Shosho Nyokabi, nyanya yake Wairimu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kumchezea. Akadhani ninamsalimia. Akaushika mkono akautikisa, akauliza, "Wi mwega?" Sasa wewe ungefanya nini? Umelelewa vizuri, shosho anakuuliza kama u mzima, utanyamaza kwa sababu wewe ni mashine na umekufa? Nikajibu kutoka ndani ya katoni, "Ndi mwega, shosho," na ukumbi ukavunjika mbavu.

Watu waliipenda hiyo kuliko mchezo wote. Mimi iliniuma wiki nzima, nikaona shosho ameniharibia action yangu. Kwa hivyo watu walipoanza kuuliza part two iko lini, nikaapa kwamba safari hii Kamanda Bati atakuwa wa bati la kweli, hatakuwa na mahali pa kupasuka, na hatamsalimia mtu yeyote.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, na ndilo lililonisukuma. Baba yangu alikuwa fundi wa masanduku ya bati kule Thika, yale ya wanafunzi wa bweni. Alitaka nifanye kazi naye, mimi nikamwambia siwezi kumaliza maisha yangu nikigonga masanduku, nikahamia Ruiru kuuza spea za baiskeli. Hakunifokea. Aliendelea kugonga, na tangu siku hiyo tukawa watu wa salamu tu. Part one hakuja kuiona. Nilipomtembelea nikataja kwamba part two itakuwa ya bati, akasimamisha nyundo.

"Bati? Nani anakutengenezea?"

"Mimi mwenyewe."

"Nitakuja kuona," akasema.

Maneno mawili hayo yalinikosesha usingizi. Nilitaka mzee aone kitu nimekitengeneza kwa mikono yangu na akikubali, hata kwa kuitikia kwa kichwa, basi. Na kwa akili ya kawaida ningemwomba anionyeshe, angeniundia hiyo mashine kabla ya chakula cha mchana, lakini kumwomba ilikuwa ni kukubali kwamba kazi yake ni kazi. Basi nilipoaga nikatia ndani ya koti ile mashine yake ya mkono ya kupigia ribiti, zile pini za kushikanisha bati, nikijiambia nitairudisha Jumatatu. Ilipita Jumatatu ya kwanza na ya pili.

Nilikata bati jioni kwa jioni nyuma ya duka. Nikatengeneza kipande cha mbele na kipande cha nyuma, kichwa kikiwa kimeshikana na kifua, mabega mapana kama kabati (mara mbili ya part one, si ndiyo sheria?), mikono nikaifunika kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, vyote nikavipaka rangi ya fedha. Na kwa sababu sikutaka ufa hata mmoja wa kuchomoza mkono, nikaamua siku yenyewe Hassan atapiga ribiti ubavu huu na ubavu ule nikiwa ndani. Kutoka je? Hilo sikulifikiria. Nawaapia sikulifikiria hata kidogo.

Siku ikafika, Jumamosi alasiri, jua la kuunguza. Wazo langu lilikuwa nitokee mlangoni nyuma ya watazamaji, kwa sababu adui wa part two lazima aje kutoka mahali hawamtarajii. Hassan akanipiga ribiti uani, tak, tak, tak, na kila moja ilivyoingia nilijisikia mkubwa zaidi. Juu ya kichwa tukaweka mkebe wenye magunzi mabichi yanayofuka, ule moshi wa lazima. Ndani ya ukumbi Wairimu akasema, "Adui amekufa, sasa tuishi kwa amani," na hiyo ndiyo ilikuwa alama yangu.

Nikaingia. Yaani nikaingia nusu. Ule mlango ulikuwa wa mabawa mawili, lakini bawa moja lilikuwa limeshikwa na komeo la kutu tangu zamani, nasi sote tulilijua hilo kwa sababu tulipita hapo kila siku, na mimi mtoto wa fundi sikuwa nimepima. Mabega yakagonga fremu. "Sukuma," nikamnong'oneza Hassan, naye akasukuma kwa yale mabega ya staringi, bati likajikunja likaingia kwenye fremu likashika kama kifuniko cha mkebe. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi. Ukumbi ukageuka, wakaniona nimejaza mlango huku kichwa kinafuka moshi, wakapiga makofi kwa nguvu. Walidhani ndio mwanzo.

Moshi nao ukaona tundu za macho ukaingia. Nikaanza kukohoa, na kikohozi ndani ya bati ni ngurumo, watu wakazidi kushangilia. Nikaita, "Hassan, nakufa," na Hassan akaogopa akachukua lile beseni la maji la mwisho wa mchezo akanimwagia kichwani. Kwa hivyo Kamanda Bati aliuawa kabla hajasema neno, na staringi aliyemuua hakuonekana, alikuwa nje.

Hapo ndipo Shosho Nyokabi akaacha benchi lake la mbele akatembea polepole katikati ya watu hadi mlangoni, na ukumbi wote ukanyamaza kumpisha. Akabisha kifuani kwangu kwa kiganja. "Hodi. Wi mwega?"

Nilijaribu kunyamaza. Nilikumbuka sheria zangu zote. Lakini macho yalikuwa yanatiririka, rangi iliyolowa inaniwasha shingo, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kulia.

"Ndi mwega, shosho," nikasema. "Lakini nimekwama."

Sitawaeleza kicheko kile. Wairimu alikaa chini kabisa jukwaani. Na katikati ya kelele hizo nikasikia nyuma yangu, upande wa nje, kikohozi kifupi ninachokijua tangu nizaliwe. Mzee alikuwa ametoka Thika na aproni yake na mfuko wa vifaa, amekuja kuona kama alivyosema, na hakuweza kuingia kwa sababu mlango ulikuwa ni mimi.

"Hii mashine ya ribiti nimeitafuta wiki mbili," nikamsikia akimwambia Hassan. Halafu bati likagongwa mgongoni, mara mbili, jinsi anavyogonga sanduku kabla ya kulipeleka kwa mteja.

"Bawaba ziko wapi?"

Akagonga mara ya tatu.

"Ndung'u. Nakuuliza. Kifuniko kinafunguka wapi?"

"Hakifunguki, Baba."

Mimi ni mtoto wa mtu aliyetengeneza masanduku maisha yake yote, na nilikuwa nimetengeneza sanduku lisilofunguka kisha nikaingia ndani. Nilingoja aseme hivyo hasa. Badala yake nikasikia makasi ya bati yakianza kula mgongo wangu kutoka juu kwenda chini, polepole, asinikwaruze, nami nikatoka kinyumenyume nikiwa na kaptura na fulana iliyolowa, nusu yangu ya rangi ya fedha, mbele ya watoto wote wa uani.

Lakini bado watu walikuwa ndani, madirisha yana vyuma, na lile bati lilikuwa limeshika mlango halitoki. Basi Baba akaingia ndani ya Kamanda Bati akakata na kifua pia. Halafu, na hii ndiyo siisahau, hakuwaita watu watoke. Alichukua koleo akaanza kukunja kingo zote za bati, inchi kwa inchi, kama anavyofanya masanduku ya shule ili mtoto asijikate mkono, na ukumbi mzima ukamngoja. Alipomaliza wakatoka mmoja mmoja kupitia tumbo la mashine, Shosho Nyokabi akiwa wa kwanza, na kila aliyetoka alinikuta nje akanipa mkono akauliza kama niko mzima. Nilijibu mara mia. Walipokuwa wakienda walikuwa wanasema part two imeshinda part one kwa mbali.

Baba alifuta makasi kwa aproni, akapitisha kidole kwenye bega la lile bati lililobaki mlangoni.

"Kona umezipiga vizuri," akasema.

Nilikuwa nimesimama na kaptura inayotiririka maji, mtaa mzima umenicheka, na nilifurahi hadi nikageukia ukuta nisionekane uso.

Jumatatu nikairudisha mashine ya ribiti Thika, na sikuondoka tena. Watu waliomba part three miaka mingi, nami nimeapa sitafanya, wala sisemi tena part two nzuri ni ipi, kwa sababu niliziba tundu moja tu la part one, ule ufa uliotoa mkono, na ndilo watu walikuwa wamelirudia. Siku hiyo ya kwanza kazini Baba alinipa bawaba mbili kabla hata hajanipa bati. Hadi leo, sanduku lolote nikilianza, naanzia hapo.