Kidonge cha Paka Hutaka Watu Wawili

Mimi hupika vitumbua, lakini sipiki kwa ajili ya vitumbua. Napika kwa ajili ya benchi. Liko barazani kwangu, ubao mmoja juu ya matofali, na kila asubuhi watu wa mtaa wetu, hapa kando ya ghuba ya Tungue, walikuwa wakikaa hapo kula na kunisemesha. Wangekuja kukaa tu bila kula ningefurahi vilevile, ila mtu hawezi kuweka benchi na kutangaza kwamba karibuni mnisemeshe. Lazima kitumbua kiwepo katikati.

Baada ya ile miaka ya kukimbia vita nilirudi peke yangu. Mume wangu nilimzika ugenini. Wanangu walibaki mjini Pemba, kusini mwetu, wana kazi, wana watoto wanaosoma, na hunipigia simu Ijumaa. Nyumba niliikuta ina nusu ya paa na paka mzima. Dume, rangi ya majivu, sijui alikuwa wa nani. Alikuwa amelala jikoni kwangu akinitazama kana kwamba mgeni ni mimi. Nikamwambia, "Haya, mwenyewe nimerudi, sogea." Hakusogea. Tukaishi hivyo, mimi nasema na yeye hasogei, na kwa mwanamke aliyezoea nyumba iliyojaa watu, hata kudharauliwa na paka ni afadhali kuliko kutodharauliwa na mtu yeyote.

Masika yalipokwisha akaanza kunyonyoka manyoya. Yalimtoka kwanza kiunoni karibu na mkia, kisha tumboni na mapajani, ngozi ikabaki wazi na wekundu wake. Alikuwa akijilamba na kujitafuna mchana kutwa. Wakati huohuo nikaanza kuona punje za mchele kwenye mkeka tunaolalia, na kwenye kapulana yangu, kanga ya kujifunga. Sasa mpika vitumbua akiona punje nyeupe, ataona nini? Ataona mchele. Nikajisema kwamba uzee umeniingia mikononi, siku hizi naumwaga mchele mpaka kitandani. Nikawa nazikung'uta nje na kuendelea na shughuli zangu.

Kuhusu manyoya, dawa niliijua. Pwani yetu mbuzi akiota upele hupakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo mafundi hupaka mbao za vyombo vya baharini. Yananuka mpaka mtu anasahau alichotaka kusema. Nikaomba kopo kwa fundi wa mitumbwi, nikampaka paka tangu shingoni hadi mkiani. Sikukumbuka kwamba mbuzi hajilambi mwili mzima, na paka hujilamba, na kwamba mimi nilikuwa nimemuunga kwa mafuta ya samaki. Alijilamba kwa raha ambayo sijapata kuiona kwake. Paka wa mtaa mzima walimfuata barazani wakitaka kumsaidia. Kesho yake alitapika, akaharisha, akalala chini ya benchi asiinue kichwa. Nikamwosha huku nikimtukana, halafu nikakaa chini nikalia, kwa sababu nilidhani nimemuua.

Siku chache baadaye jirani yangu wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye kicheko kinachosikika hadi ufukweni, alikuwa benchini na kitumbua chake cha moto. Macho yake yakatua kwenye kapulana yangu. Akainama kidogo.

"Bibi," akasema, "mchele wako unatembea."

Tukatazama sote. Ile punje ilijivuta, ikarefuka, ikajikunja tena. Jirani aliweka chini kitumbua alichokwisha kukimega, akaniaga kwa adabu nyingi, akaenda zake.

Watu wetu hawana ujeuri wa kumwambia mtu mzima kwamba chakula chako kinatutia kinyaa. Wao hufunga. Asubuhi iliyofuata nilimkaribisha wa kwanza aliyepita, akasema, "Ahsante bibi, nimefunga." Ilikuwa Alhamisi, siku ya suna, nikamwombea Mungu ampokelee. Ijumaa wakafunga. Jumamosi wakafunga. Hata seremala aliyetoka bara, Mkristo asiyekosa misa hata mara moja, naye aliniambia amefunga. Sijapata kuuona mtaa wenye ucha Mungu kama ule.

Nikawa napika vichache, navila mwenyewe nikiwa nimesimama. Nilidhani upweke naujua, maana tumekaa nao muda mrefu. Lakini nyumba tupu unaizoea. Benchi lililokuwa na watu jana halizoeleki. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Ijumaa iliyofuata binti yangu alisema kwenye simu, "Mama, mtupe huyo paka, watu watarudi." Fundi wa mitumbwi naye akajitolea kumtia guniani na kumwacha kwa wavuvi ng'ambo ya ghuba, huko samaki hawakosekani. Wote wawili walisema kweli, na mimi nilijua wanasema kweli. Paka akitoka, benchi litajaa. Nilimtazama pale chini, mbavu zinahesabika, mkia umekuwa kamba, nikaona siwezi. Wale wengine walikuwa wakija na kuondoka. Yeye ndiye aliyekuwa akilala nyumbani.

Ilipofika siku ya chanjo ya kuku, nilimtia kwenye tenga nikaenda. Tekniko, yaani mganga wa mifugo, huja na sanduku lake la barafu, huketi kwenye kivuli cha ukuta wa shule, na wanawake hupanga mstari na kuku kwapani, kila kuku atiwe tone la dawa ya mdondo jichoni. Safari hii alikuja binti mmoja Mmakonde wa kutoka juu uwandani, mwenye sauti ndogo. Mstarini mtu alisema, "Bibi, kuku wako ana masikio." Wakacheka. Nami nilicheka. Lakini mbele yangu na nyuma yangu paliachwa nafasi ya mtu kupita na mzigo kichwani.

"Bom dia, mama," tekniko akasema. "Huyu hachanjwi mdondo."

"Najua. Mtazame tu, mwanangu. Ukisema afe, nitajua."

Hakucheka. Alichukua chanuo la chawa, akamchana paka mgongoni, akakung'utia uchafu kwenye kitambaa cheupe alichokilowesha maji. Zilikuwa chembe nyeusi kama unga wa pilipili manga. Zilipokaa majini zikatoa wekundu.

"Unaona? Hii ni pulga, mama. Kiroboto. Huu weusi ni kinyesi chake, na wekundu ni damu ya paka wako." Akanieleza taratibu. Viroboto wanamwuma, anawashwa, anajilamba mpaka manyoya yanatoka. Katika kujilamba anawameza, na kiroboto amebeba watoto wa tegu, mnyoo mrefu unaokaa tumboni na kukatika vipande. Vile vipande ndivyo mchele wangu. "Si choa. Choa hufanya duara lenye magamba, kingewashika watoto pia. Umempaka nini?"

Nikamwambia. Akafumba macho kidogo.

"Mama, paka ukimpaka kitu, umemnywesha. Na dawa ya kuogeshea mbuzi usithubutu, hiyo itamwua kabisa."

Alimpima uzito ndani ya tenga, kwa mizani ya samaki, akatoa uzito wa tenga. Alikuwa na dawa kidogo iliyobaki kutoka Vamizi, alikokwenda kutibu paka wa kisiwani. Ile ya viroboto alimdondoshea palepale nyuma ya shingo, mahali ambapo ulimi haufiki. Ya minyoo ilikuwa kidonge kimoja tu, na mstari ulikuwa mrefu nyuma yangu, kuku wanapiga kelele. Akakifunga kwenye karatasi.

"Mpe leo, akishakula. Alivyokonda hivi, bila hiki sioni kama atafika mwezi ujao. Mikeka na nguo zote fua, anika juani. Na kidonge fanyeni wawili. Mmoja amshike, mmoja amtie. Peke yako hutaweza."

"Sawa," nikasema, kana kwamba nyumbani kuna watu.

Nilipokuwa naondoka nilisikia neno moja likirudi nyuma mstarini, kutoka mdomo hadi mdomo. Minyoo. Mengine yote aliyoyasema yule binti yaliishia palepale ukutani.

Nyumbani nilijaribu. Nilikificha kidonge ndani ya dagaa. Alikula dagaa, akakiacha kidonge kisafi kabisa juu ya sahani. Nikakiponda kona kidogo ndani ya mchuzi, akanusa, akaniangalia, akaondoka. Nikambana kwa magoti, nikamfungua mdomo, akanikwaruza mkono mpaka kiwikoni na kukitema. Kilianza kulainika pembeni. Nikakifuta kwa kapulana, nikakaa kwenye benchi langu mwenyewe, nikaanza kutafuta kichwani mtu wa pili.

Sikumpata. Nilipita nyumba zote, nikapita na Pemba, nikapita hadi makaburini. Nimezaa, nimeozesha, nimezika, na sikuwa na mtu wa kunishikia paka. Nilikuwa na hasira, sitaficha, na chini ya hasira nilikuwa naona haya.

Nikasimama njiani. Seremala alikuwa anapita. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Bibi, leo nimefunga."

"Sikukuuliza chakula!" nikamfokea. Akaongeza mwendo.

Basi nikaenda mwenyewe kwa yule jirani mwenye kicheko. Nikapiga hodi. Alikuwa uani anapara samaki. Aliponiona alitazama mikono yangu kwanza, kuona nimebeba nini.

"Sijaleta kitumbua," nikasema. "Nimekuja kuomba mikono. Paka ana kidonge cha kumponya na siwezi peke yangu. Akifa, nitabaki na sufuria."

Aliweka kisu chini. Kisha akanawa.

"Ana hasira?"

"Kama mimi."

"Ah. Basi tumekwisha."

Alimviringisha paka ndani ya kapulana yake mwenyewe, miguu yote ndani, kichwa tu nje, kama mtoto mchanga anayepelekwa kuonyeshwa kwa bibi yake. Nilishangaa alivyomkumbatia bila kusita. Nikampanua mdomo, nikakisukuma kidonge mpaka nyuma ya ulimi, nikamfunga mdomo na kumpapasa koo. Tukangoja, mimi na yeye, hatupumui. Paka alimeza. Jirani akaangua kile kicheko chake, na paka akachomoa mguu mmoja na kumkwaruza shavuni.

Nilimpa maji ya kuosha shavu. Akakaa kwenye benchi. Sikumpa kitumbua wala hakuomba. Alianza kusema habari za mwanawe mkubwa, ambaye tangu walipotawanyika njiani hawajapata hata salamu yake, na kwamba kila akipika humpakulia, kisha chakula kinalala. Nilikuwa sijui. Nilikuwa nimekaa nyumba ya pili nikisikia kicheko. Niliweka mkono wangu uliokwaruzwa juu ya wake.

Jua lilipofika barazani akasimama, akajifunga kapulana iliyojaa manyoya.

"Na cha pili lini?" akauliza. "Dawa za minyoo hazitolewi mara moja."

Tekniko alikuwa ameniambia cha pili atakileta mwenyewe mwezi ujao, akirudi kutoka Olumbi.

"Kesho," nikamwambia.