Uji wa Siku ya Ukuta

Namshukuru Mungu kwamba nawasimulia haya nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili. Kabla ya siku ile nilikuwa mwalimu wa Gredi ya Nne katika shule ya msingi karibu na Mai Mahiu, mtu wa mbio na kelele. Watoto walijua nakuja kabla hawajaniona.

Mvua ilikuwa imenyesha kwa siku nyingi. Asubuhi moja, nikiwapanga watoto waingie darasani, niliona ukuta wa stoo ya zamani ukiinama. Niliwasukuma waliokuwa karibu. Wao wakapona, mimi mawe yakanilalia mguu wa kulia. Mwanzoni sikusikia uchungu. Nilisikia damu ya moto ikijaa kiatuni, kisha nikaona mfupa wangu, mweupe, umetokeza chini ya goti. Hapo ndipo nilipopiga mayowe mbele ya darasa zima.

Watu wa barabarani walikuja mbio wakitaka kunitupa kwenye pikapu. Mwalimu mkuu wetu, Madam Chebet, akawazuia.

"Hakuna mtu anamguza mpaka mguu ufungwe," akasema.

Akaufunga kwa mbao za kiti kilichovunjika na leso za walimu, ndipo nikapelekwa hospitali Naivasha.

Yaliyofuata shuleni nilisimuliwa. Mwalimu mmoja alitaka watoto waachiliwe waende nyumbani, maana ndivyo shule zetu huzoea: shida ikiingia, geti linafunguliwa, kila mtu ashike njia yake. Madam akakataa. "Waende wapi na hizo machozi? Wavuke barabara ya malori wakitetemeka hivi?" Akaketisha kila darasa uwanjani na mwalimu wake, akaita majina, kisha akaagiza uji wa saa nne uletwe mapema na uongezwe sukari. Hakuna mtoto aliyeondoka bila mtu wake kuja kumchukua. Wazazi walipofika wakilia, alitoka mwenyewe akawaeleza kilichotokea bila kuficha. Mama huyu nampenda, na sitaacha kusema.

Hospitalini mambo yalizidi. Kidonda kilitoa usaha, na harufu yake iliwafanya wageni wangu waangalie dirishani. Daktari akaniambia, "Mwalimu, dawa isiposhika, itabidi tukate." Nikageuka nikaangalia ukuta. Nilikataa chakula. Mume wangu alinibembeleza mpaka akachoka.

Kule shuleni, watoto walikuwa wamesikia kwamba nimekufa. Madam Chebet akanipigia simu wakati wa paredi ya asubuhi.

"Nimewaambia ukweli," akasema. "Uko hai, na mguu bado hatujui. Sasa wanataka kukusikia, na simu nimeiweka kwenye spika. Ongea."

Nikasema tu, "Gredi ya Nne, hamjambo?"

"Hatujambo, mwalimu," wakajibu, kwa ile sauti ya kuvuta ninayowakataza kila siku. Kisha Shiru, mmoja wa wale niliowasukuma, akauliza, "Mwalimu, mguu bado uko?"

"Bado uko," nikamwambia. Siku hiyo nilikula.

Dawa ilishika, lakini pole pole. Niliuma shuka kila nilipooshwa kidonda. Niliwekewa vyuma, nikaanza kutembea upya nikishika vitanda vya wagonjwa wenzangu.

Walimu wenzangu, balaa likiwafikia, msimburute aliyeumia na msikimbilie kufungua geti. Kaeni na watoto. Waambieni ukweli, wapeni kitu cha moto tumboni. Na wewe unayesoma haya ukiwa umelazwa, tafadhali kula, hata kama hutaki.

Niliporudi shuleni kwa magongo hapakuwa na sherehe, nami nilishukuru. Kengele ya saa nne ililia, uji ukaja. Shiru aliinama akatazama miguu yangu, mmoja, halafu mwingine, kisha akanisukumia kikombe chake.

"Kunywa, mwalimu," akasema. "Ile ya siku ya ukuta hukunywa."

Nilikunywa wote mbele ya darasa, machozi yakinitoka, na hakuna mtoto aliyecheka.