Paka wa Bi Mize

Siku ya khitma ya Bi Mize naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa yeye mwenyewe sikujaaliwa kukaa naye sana. Ilikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi. Mimi nilikuwa mgeni Msuka, nimeozwa kutoka Kisiwa Panza, yaani kutoka kusini kabisa ya Pemba mpaka kaskazini kabisa. Nyinyi wa leo mnapanda gari asubuhi, adhuhuri mmeshafika. Kwetu sisi ile ilikuwa safari ya kuagana.

Bi Mize alikuwa jirani yetu, mjane asiye na mtoto. Watu wakihamia mashambani msimu wa karafuu, paka wao hubaki nyuma, na yeye ndiye aliyewachukua. Akipata dagaa, nusu yake, nusu yao. Basi alipofariki na khitma ikasomwa, mama mkwe wangu, Bi Asha, akasimama uani mbele ya wanawake.

"Jamani, mwenzetu tumemzika, dua tumemwombea. Na hawa paka wake je? Kila mwenye nyumba achukue mmoja."

Wadogo waliondoka mwanzo, kama kawaida. Akabaki jike mmoja mzee, wa kijivu, sikio limechanika. Kila mtu alimtazama, kisha akatazama pembeni. Alikuwa amekaa mbele ya chumba cha Bi Mize, akingoja afunguliwe. Nikamjua kwa kule kungoja kwake. Mimi pia kila alasiri nilikaa kibarazani nikisuka ukili wa mkeka, macho njiani, labda atatokea mtu wa kwetu. Nikamfunika kwa kanga yangu, nikamchukua.

Hakukaa. Nilimpa kichwa cha samaki, akala, alipomaliza akarudi kule kule kwenye nyumba iliyofungwa. Nikamfuata, nikamrudisha. Kesho yake vile vile. Mume wangu, mtu mpole, Mungu amrehemu, akaniambia, "Mfunge kamba, atazoea." Nikamfunga kwenye nguzo ya jikoni. Akalia mchana kutwa mpaka sauti ikamkauka.

Bi Asha aliporudi kutoka shamba akamsikia.

"Nani kamfunga huyu?"

"Mimi, mama. Anatoroka."

"Hatoroki, anakwenda kwao. Na wewe ulipoletwa hapa, tulikufunga kamba?"

Nilikuwa nimefundwa kwamba mke halii ugenini, na tangu niolewe sikuwahi kulia mbele ya mtu. Siku ile machozi yakanitoka juu ya nazi niliyokuwa nakuna. Bi Asha hakuniambia ninyamaze. Alimfungua paka kwanza, kisha akakaa chini karibu yangu, akaniuliza jina la mama yangu. Muda wote niliokaa kwake, ndiyo mara ya kwanza kuniuliza. Nikamweleza mama anavyopika pweza, anavyocheka mpaka anashika mbavu. Naye akaniambia kuwa aliletwa pale kutoka Tibirinzi akiwa msichana kama mimi, na bado huota yuko kwao.

"Nendeni wote wawili," akasema. "Kaa naye kule. Mkichoka, mtarudi."

Basi kila alasiri nikachukua ukili wangu, tukakaa kwa Bi Mize, mimi nasuka, yeye ananusa ufa wa mlango. Jua likishuka naondoka, naye anabaki. Baadaye akawa ananisindikiza mpaka kona, kisha anageuka. Mpaka jioni moja ya vuli, mvua inakaribia, nikahisi manyoya yananigusa kisigino njia nzima. Akaingia ndani kabla yangu, akapanda kitandani, akalala.

Nilipokwenda Panza kujifungua mtoto wangu wa kwanza, nilikuwa mikononi mwa mama, pale pale nilipokuwa nikipatamani siku zote. Lakini kila aliyetoka kaskazini nilimuuliza, "Paka wangu hajambo? Bi Asha anamlisha?" Mama akanitazama, akacheka, macho yamemjaa machozi. "Haya, mwanangu," akasema. "Sasa umepata kwako."

Wote hao wametangulia. Nawatamani mpaka kifua kinauma.

Nasikia unataka kununua paka, mwenye manyoya marefu kama uliyemwona kwenye simu. Sikukatazi. Lakini kwanza nenda kule mjini wanakokusanywa wanyama walioachwa. Watakuja wadogo wakurukie, nao ni wazuri. Wewe mtazame pia yule mkubwa aliyejikunyata pembeni, asiyemkimbilia mtu. Huyo alikuwa na nyumba, akaikosa bila kosa lake. Mchukue. Mpe chakula, mpe maji, mpe muda, na usimdai mapenzi kabla hajamaliza kuomboleza. Na siku ukihama, mwanangu, hama naye.

Mungu aibariki nyumba yako na riziki yako, akupe moyo wa huruma, na popote maisha yatakapokupeleka, usikose wa kukupokea. Amin.